Mganga Thomas Crean

Thomas Crean alizaliwa mwaka 1873 katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi. Alisoma katika shule ya mapadri Wayesuiti. Alikuwa kijana mrefu, mwenye nguvu nyingi. Mwaka 1891 alimwona mwanafunzi mmoja akizama baharini. Aliogelea mpaka kwake, akamwokoa.

Crean alipenda sana mchezo wa rugbi. Mchezo huo si kama mpira wa miguu. Mpira wake una umbo la yai. Kila upande una wachezaji 15. Mchezaji huubeba mpira mikononi na kukimbia nao, na wapinzani humkamata na kumwangusha chini. Crean aliichezea nchi yake mara 9. Mwaka 1894 Ayalandi iliwashinda Waingereza, Waskoti na Wawelsi, wote katika mwaka mmoja. Jambo hilo halikuwa limetokea kwao kamwe.

Mwaka 1896 Crean alikwenda Afrika ya Kusini pamoja na wachezaji wenzake. Michezo ilipokwisha, wengi walirudi kwao. Yeye alibaki Johannesburg, akafanya kazi ya uganga.

Mwaka 1899 vita vilianza kati ya Waingereza na Makaburu. Crean aliingia jeshini upande wa Waingereza, kwanza kama askari wa kawaida, kisha kama mganga. Tarehe 18 Desemba 1901 palikuwa na mapigano makali. Makaburu walikuwa karibu, kama metre 140 tu. Askari wengi waliumia. Crean alikwenda huku na huku akiwafunga vidonda, na risasi zikipita. Risasi moja ikampata. Hakukimbia, bali aliendelea na kazi. Akapigwa mara ya pili, akaanguka. Watu walidhani atakufa, lakini alipona.

Kwa tendo hilo alipewa Msalaba wa Victoria. Ndiyo nishani kuu ya ushujaa katika jeshi la Uingereza. Katika vita vikuu vya 1914-1918 aliwatibu tena majeruhi, akapata nishani nyingine. Alifariki London mwaka 1923, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki.

Mungu alimpa Crean mwili wenye nguvu, naye aliutumia kuwaokoa wengine. Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Maswali
1. Rugbi inachezwaje?
2. Crean alifanya nini alipopigwa risasi ya kwanza?
3. Wewe utatumiaje nguvu zako?