Moto wa kuota ama wa kuchoma? Kiswahili cha kuhakiki tamthilia za runinga

JIONI moja wakati wa likizo, katika nyumba iliyo kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kuelekea Webuye, si mbali na soko la Malava, nilimsikia msichana anayesomea chuo kikuu akiipigia debe tamthilia moja mbele ya nyanyake. Alikuwa ametoka kwenye duka la muvi na flashi yenye sehemu zote tisa za msimu wa kwanza wa Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini iliyoanza kuonyeshwa na Netflix mnamo Septemba 2021.

“Kukhu, hiyo kitu ni moto! Lazima uone,” alisema.

Nyanya alikuwa akichambua mrenda kwenye uteo. Aliuliza bila kuinua kichwa: “Moto wa kuota ama wa kuchoma?”

Sote tuliangua kicheko. Lakini kicheko kilipokwisha, swali lilibaki pale pale bila jibu. Mjukuu alijaribu tena: “Ni moto tu, Kukhu. Ni noma.” Nyanya akaendelea na mboga zake.

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu siku ile. Katika Kabras kama kwingineko nchini, mazungumzo kuhusu tamthilia yamekuwa sehemu ya maisha. Watu huyaendeleza kwenye matatu, salunini na hata kwenye foleni ya posho mill. Hata hivyo, aghalabu mazungumzo hayo huanzia na kuishia kwenye hukumu: ni moto, ni noma, imeweza, imenibamba, inaboo. Sina ugomvi na maneno hayo. Kila kizazi kina misimu yake, na mengi kati yake yana ladha. Shida ni kwamba yanatoa hukumu bila kutaja ushahidi. Msikilizaji anajua kwamba umependa, lakini hajui umependa nini wala kwa nini.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kujadili mambo haya, na kwamba ndiyo maana kijana akitaka kusema jambo zito kuhusu tamthilia hukimbilia Kiingereza. Dai hilo si la kweli. Maneno yapo, tena tulifundishwa darasani. Tuliyaacha kwenye chumba cha mtihani.

Tuanze na sarufi yenyewe. Kiswahili kina kauli ya kutendesha, ambayo hubadilisha kitenzi ili kionyeshe kwamba kitu fulani ndicho kilichosababisha tendo. Kutokana na cheka tunapata chekesha. Lia huwa liza. Choka huwa chosha. Sikitika huwa sikitisha. Shangaa huwa shangaza. Nayo ogopa hutupa ogofya. Sasa linganisha kauli hizi tatu: “Nilicheka,” “Imenichekesha” na “Inachekesha.” Ya kwanza inanihusu mimi peke yangu, huenda nilicheka kwa sababu ya mzaha wa jirani. Ya pili inasema tamthilia ndiyo iliyosababisha kicheko changu, na kiambishi -ni- kinaonyesha kwamba nazungumza kwa niaba yangu tu. Ya tatu ni nzito zaidi. Kiambishi -ni- kimeondoka, na sasa nadai kwamba tamthilia hiyo ina uwezo wa kumchekesha mtu yeyote.

Dai la namna hiyo lina deni. Ukisema “inachekesha”, mwenzako ana haki ya kuuliza, “Inachekesha wapi?” Ukisema “inachosha”, utaulizwa inachosha kwa urefu, kwa marudio au kwa wahusika wasiobadilika. Ndiyo maana napendelea “inachosha” kuliko “inaboo”. Si kwa sababu inaboo limetokana na Kiingereza, bali kwa sababu inachosha linatuelekeza kwenye chanzo cha uchovu. Neno “moto” halina mlango wa namna hiyo. Nyanya alilazimika kuutoboa mwenyewe.

Jambo la pili ni tofauti kati ya mhusika na mwigizaji. Mhusika ni yule anayeishi ndani ya hadithi. Mwigizaji ni mtu wa damu na nyama anayelipwa kumwigiza. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini tunaikosea kila siku. Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, wengi walimlilia Papa Shirandula, jina la mhusika aliyemwigiza kwa miaka mingi katika runinga ya Citizen. Huko kulikuwa kumsifu, kwa maana mhusika alikuwa amemmeza mwigizaji. Lakini upande wa pili wa sarafu hauna heshima. Mwigizaji anayecheza nafasi ya mama mkwe katili au mume msaliti huzomewa barabarani kana kwamba ukatili huo ni wake. Mwenye kutofautisha maneno haya mawili anaweza kusema: “Mhusika huyu ananichukiza, kwa hiyo mwigizaji amefanya kazi nzuri.” Asiyetofautisha atabaki kutukana.

Tatu, kuna msamiati wa fasihi. Kila mtahiniwa wa KCSE hupitia Karatasi ya Tatu ya Kiswahili. Wanafunzi wa miaka ya karibuni wamejibu maswali kuhusu Bembea ya Maisha, tamthilia yake Timothy Arege, na wameandika kuhusu taharuki, sadfa, mbinu rejeshi, kinaya, dhamira na maudhui. Wanapofunga daftari, maneno hayo hufungiwa humo. Ilhali neno “tamthilia” lenyewe ndilo tunalotumia kwa mchezo wa kuigiza ulio kitabuni na kwa mfululizo ulio kwenye runinga. Ikiwa jina ni moja, mbona zana za kulichambua zisiwe zile zile?

Chukua taharuki, ile hali ya kumwacha mtazamaji na hamu ya kujua litakalofuata. Sehemu ikikatika mlango unapogongwa, na huoni anayegonga, hiyo ndiyo taharuki. Chukua sadfa, yaani matukio mawili kugongana bila kupangwa. Anayefuatilia tamthilia za Kimeksiko na Kifilipino anaijua vyema: mtoto aliyepotea anaajiriwa katika nyumba ya mamake mzazi, na hakuna ajuaye. Sadfa moja huvutia. Sadfa kumi huchosha. Tayari huo ni uhakiki. Nayo Squid Game hufunguka kwa mbinu rejeshi: tunaonyeshwa watoto wakicheza mchezo wa zamani wa uwanjani, na sauti ya mtu mzima inatueleza sheria zake. Ukimwambia mwenzako kwamba tamthilia inaanza utotoni ili michezo ya baadaye ituogofye zaidi, utakuwa umesema jambo ambalo “ni noma” haliwezi kulisema.

Fauka ya hayo, kuna msamiati mdogo wa kila siku. Msimu una sehemu kadhaa. Kabla haujatoka, huonjeshwa kwa kionjo. Maandishi yanayopita chini ya kioo ni manukuu. Na tamthilia inayotolewa sauti zake za asili na kupewa za lugha nyingine huwa imeingizwa sauti. Je, yule anayekufichulia mwisho kabla hujautazama? Vijana husema “ameni-spoil”. Wazee wetu walikuwa na kauli iliyo hai zaidi: amemwaga mtama kwenye kuku wengi. “Usinimwagie mtama, bado niko sehemu ya tatu.” Ni nani atakayeshindwa kuielewa kauli hiyo Kabras, ambako kuku hawakosi uani?

Kufikia hapa huenda mpenzi msomaji akauliza: kuna hasara gani mtu akisema “moto” na mambo yakaishia hapo? Jibu langu linarudi kwa nyanya na uteo wake. Squid Game imeigizwa kwa Kikorea. Manukuu aliyokuwa nayo mjukuu yalikuwa ya Kiingereza, tena yanapita kasi. Nyanya hakusoma Kiingereza cha kumwezesha kuyafuata. Mlango wake wa pekee wa kuingia katika hadithi ile ulikuwa kinywa cha mjukuu wake. Mjukuu akiwa na neno moja tu, nyanya anabaki nje.

Kazi ya kuwafungulia wengine mlango huo ina historia ndefu Afrika Mashariki. Hapa Kenya, DJ Afro amesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani kwa miaka mingi, na ukumbi mzima wa video ukamwelewa. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala wana VJ Jingo, ambaye husimulia kwa Kiganda. Hawa si wafasiri wa neno kwa neno. Husimulia, hukejeli, humsifu shujaa na kumkaripia adui, yaani hadithi na maoni huja pamoja. Baadaye vituo vya runinga vilichukua njia nyingine. Mwaka 2011 Watanzania walitazama tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, nayo Azam TV imewaletea watazamaji tamthilia za Kituruki kwa njia iyo hiyo. Lakini tamthilia nyingi zinazofika vijijini kwa flashi hazijapata bahati hiyo. Huko mkalimani ni mtoto wa nyumbani.

Tena mkalimani huyo ana faida ambayo manukuu ya Kiingereza hayana. Katika Squid Game, Ali, mfanyakazi kutoka Pakistan, anamwita mwenzake Sang-woo kwa neno la heshima ambalo mfanyakazi humwitia mkubwa wake wa kazi. Baadaye Sang-woo anamwambia amwite “hyung”. Neno hilo la Kikorea ndilo ambalo mwanamume humwitia kaka yake mkubwa, na hutumika pia kwa rafiki aliyekuzidi umri. Kiingereza hakina desturi hiyo, ndiyo maana wafasiri wake mara nyingi huishia kuweka jina tupu la mtu. Kiswahili hakihitaji kuhangaika. “Niite kaka,” basi, na kila mtu Kabras anaelewa uzito wa ruhusa hiyo: umetolewa uani ukaingizwa sebuleni. Yanayotokea baadaye kati ya hao wawili siyasemi. Nisije nikamwaga mtama. Ila nadai kwamba anayesikia “kaka” atayapokea kwa uchungu zaidi kuliko anayesoma jina.

Turudi Malava. Mjukuu alipoona nyanya hashawishiki, aliketi kwenye kigoda kando yake, akaanza upya. “Kukhu, kuna mtu anaitwa Gi-hun. Ana madeni, anacheza kamari, anaishi kwa mamake. Siku moja akaalikwa mahali, akakuta wenzake, jumla watu 456. Wakaambiwa wacheze michezo ya watoto, mshindi apewe pesa. Kumbe anayeshindwa anauawa.”

Tazama jinsi sarufi ilivyobadilika. “Ni moto” ilitoweka. Ikaja -ka- ya masimulizi: akaalikwa, akakuta, wakaambiwa. Ikaja “kumbe”, neno dogo linalobeba mshangao wote wa sehemu ya kwanza. Hiyo ndiyo lugha ya ngano, ambayo nyanya huyo aliizoea tangu utotoni watu walipoketi jioni kutambiana tsingano.

“Wakakubali kuuawa tu hivyo?”

“Hapana, walipiga kura wakaachiliwa, wakarudi kwao. Lakini wengi wakarudi tena kucheza.”

Mikono ya nyanya ilitulia. “Kama walikuwa wametoka, mbona walirudi?”

Mjukuu alinyamaza kidogo. “Kwa sababu ya madeni, Kukhu. Hata huko nje walikuwa wanakufa, ni vile tu polepole.”

“Sasa si hapo ndipo ungeanzia?”

Nyanya huyo hajawahi kukalia Karatasi ya Tatu, lakini alikuwa ameuliza swali la dhamira: mwandishi alitaka tuone nini? Katika eneo la miwa, ambako mkulima anaweza kukopa kwa matarajio ya zao ambalo bado liko shambani, jibu la mjukuu halikuhitaji tanbihi. Korea Kusini ilikuwa imefika uani.

Pendekezo langu ni jepesi. Utakapotamani kumwambia mtu kwamba tamthilia fulani ni moto, mwambie. Kisha uongeze sentensi mbili. Ya kwanza itumie kauli ya kutendesha: inachekesha, inaliza, inaogofya, inachosha. Ya pili ianze na “kwa sababu”, na itaje kitu kilichomo ndani ya tamthilia: mhusika, tukio, taharuki au sadfa iliyopita kiasi. Mwalimu naye anaweza kuwaomba wanafunzi wake wahakiki tamthilia waliyoitazama wikendi kwa istilahi zile zile za kitabu teule. Atashangaa watakavyozikumbuka.

Usiku ule nyanya aliketi mbele ya kipakatalishi hadi sehemu ya pili ikaisha, mjukuu akimweleza hatua kwa hatua. Asubuhi, wakati wa chai, jirani alipita akauliza ile sinema ya Wakorea ilikuwaje.

“Inasikitisha,” nyanya alijibu. “Si kwa sababu watu wanakufa. Ni kwa sababu walirudi wenyewe.”