Viazi vya mama kwenye buti: kula, usipande

Wengi wenu hapa Ipogolo kwenu ni Mbeya, na Desemba mnapanda kwenda kula sikukuu. Kuna mzigo mmoja wa safari ya kurudi ambao nataka tuuongelee kabla hamjafunga buti.

Chukua anayetoka Isongole, kule Uporoto kwenye baridi. Ameaga wazee, mama kamfungia gunia la viazi mviringo. Anashuka Uyole, anashika barabara kuu, Igurusi anaongeza mchele, Chimala, Makambako, Mafinga, na baada ya kilomita zaidi ya 300 yuko Ipogolo. Mchele na viazi vikubwa vinaingia jikoni. Vile vidogo vidogo vilivyoanza kuchipua anasema, "Hivi mbegu hizi!" Anavipeleka bustanini, bondeni kando ya Ruaha Mdogo. Hapo ndipo shughuli inapoanza.

Viazi vinaweza kubeba bakteria wa mnyauko bila kuonyesha dalili yoyote. Kwenye baridi ya milimani ugonjwa hutulia: shamba la mama linapendeza, anavuna, anauza, hana kesi na mtu. Mbegu ileile ukiileta kwenye joto la bondeni, bakteria wanaamka. Mche unanyauka ukiwa bado kijani, mchana umelala, jioni unajiinua kidogo, baada ya siku chache umekufa. Kwa hiyo usimlaumu mama kwamba kakupa viazi vibovu. Kwake vilikuwa vizima kabisa.

Na dawa ya kupuliza ya kuponya mnyauko haipo, hata muuza pembejeo akikuapia. Bakteria hukaa kwenye udongo miaka kadhaa, wanahama na maji ya mfereji, jembe na matope ya viatu. Wanashambulia pia nyanya, bilinganya na pilipili, yaani karibu kila kinachokuingizia hela hapa bondeni. Jirani yako wa chini anayemwagilia maji yaliyopita kwako anaupata bila kupanda kiazi hata kimoja. Ukiwa umekodi shamba, mwenye shamba naye utamwambia nini?

Kuna kipimo rahisi. Kata shina la mche unaonyauka, karibu na udongo, kining'inize kipande kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ndio wenyewe. Kiazi ukikikata na kukuta pete ya kahawia inayotoa ute mweupe, usikipande. Ila kiazi kisicho na pete bado si uthibitisho kwamba ni salama, maana nimeshasema anaweza kuwa amejificha.

Kumkatalia mama zawadi ni ngumu, na wala sikushauri. Pokea, shukuru, kula, gawia majirani. Ila maganda na vilivyooza usitupe bustanini. Mbegu tafuta kwingine. Na uzuri ni kwamba ukitoka Mbeya, Uyole ni njiani, na TARI Uyole wapo palepale. Piga simu kabla, sikukuu ofisi hufungwa. Waulize aina kama Asante na Sherekea, na wakuelekeze kwa wazalishaji wanaokaguliwa na TOSCI. Bei itakuuma kidogo, lakini piga hesabu ya msimu mzima wa nyanya uliokufa.

Kama ulishapanda vya sikukuu iliyopita na mche mmoja umelala leo, ng'oa pamoja na udongo wake na viazi vyake, tia kwenye mfuko, fukia mbali na maji. Funga mfereji unaopita hapo. Osha jembe na mabuti kabla ya kuhamia tuta lingine. Msimu unaofuata weka mahindi, vitunguu au kabichi, wala usirudishe nyanya hapo haraka. Halafu kamwambie jirani wa chini, leo hii, kabla hajafungulia maji.