Nani atakitengeneza? Mafundi wa Tengeru na vifaa visivyofunguka

Jumamosi Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, haipitiki. Ndizi zinashuka kutoka miteremko ya Mlima Meru, Nkoaranga na Akeri, mitumba inatandazwa chini, na bodaboda zinapenya katikati ya watu kwa honi. Jumatano nayo ni vivyo hivyo. Hizo siku mbili za soko fundi simu hapati nafasi hata ya kula, kwa sababu mama aliyeshuka na mkungu wa ndizi ameshuka pia na simu iliyoharibika, na anataka apande nayo nyumbani kabla giza halijaingia.

"Fundi, haiingizi chaji."

"Iache hapa mama, pitia saa nane."

Juu ya meza kuna taa yenye kioo cha kukuzia, mita, lehemu, bloa ya kupuliza hewa ya moto na mswaki uliochakaa wa kusugulia bodi. Chini kuna ndoo ya simu zilizokufa. Hizo hazitupwi, ndizo stoo ya vipuri. Fundi anaanza na tundu la chaji, maana mara nyingi ugonjwa ni vumbi na unga wa mahindi tu. Pakiwa safi, anapima kama volti tano zinafika ndani. Zisipofika, au bodi ikionyesha shoti, hapo ndipo kazi inaponoga. Anayeyusha kidogo ule utomvu wa lehemu, moshi wake unaganda juu ya bodi kama ukungu mweupe, halafu anaingiza umeme taratibu. Sehemu ambayo ukungu unayeyuka kwanza ndiyo yenye joto, na yenye joto ndiyo yenye shoti. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko punje ya ulezi. Anaking'oa kwa bloa, anapima tena, na simu inawaka.

Mbinu hiyo hakufundishwa darasani. Wengi wa mafundi hawa walikaa miezi pembeni ya fundi mkubwa bila mshahara, wakipewa chakula na nauli, na yaliyobaki wameyaokota YouTube na kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Usiku wa manane, bando la usiku likiwa rahisi, fundi wa Mwanza anarusha picha ya bodi iliyomshinda, wa Mbeya anaizungushia duara jekundu, wa Arusha anabisha. Wanabishana kuhusu aisii ya chaji kwa hamasa ile ile ambayo vijiwe vingine vinabishania Simba na Yanga. Wanahabari tukitafuta wapenda teknolojia wa nchi hii hukimbilia kumbi zenye viti vya rangi na mashine ya kahawa. Mimi ningeanzia kwenye magrupu haya.

Mji wa Arusha si mgeni wa mambo hayo. Ukitoka Tengeru kuelekea mjini kwa daladala, konda atapaza sauti "Philips!" na watu watashuka. Kituo kilibeba jina la kiwanda kilichokuwa kikiunganisha redio, zama ambazo kila soko lilikuwa na fundi redio na kisanduku chake cha transista. Miaka ya 1990, intaneti ikiwa bado anasa, wakazi wa Arusha walijiundia Arusha Node Marie, chombo kisicho cha faida kilichowapa wanachama wake baruapepe. Mwaka 2006 watoa huduma wa mjini wakaunganisha mitandao yao katika kituo kimoja, AIXP. Kabla ya hapo ujumbe wa kutoka Sekei kwenda Njiro uliweza kupanda satelaiti, ukavuka bahari, ukarudi. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam Julai 2009, miaka mitatu baadaye. Kwa maneno mengine, Arusha ilijifunza kuhudumia mtandao wake kabla mtandao wenyewe haujawa na kasi.

Mtu anayetajwa mara nyingi katika habari za ubunifu wa hapa ni Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha. Mwaka 2008 alikwenda chuo cha MIT, Marekani, kwenye kongamano la ubunifu la IDDS. Hakuhubiri. Alikaa karakana na wenzake. Aliporudi aliendelea na baiskeli, akizigeuza kuwa kitu kingine: pampu ya maji, msumeno, chaja ya simu. Chaja hiyo haina siri. Mota ndogo, kama ile inayozungusha kaseti ya redio, ukiipa umeme inazunguka, na ukiizungusha wewe inatoa umeme. Ibane igusane na gurudumu, weka kidhibiti cha volti, na mwendesha baiskeli atafika nyumbani simu ikiwa na chaji. Zama hizo watu wa vijijini walikuwa wanapeleka simu kuchajiwa dukani kwa shilingi mia kadhaa kila safari.

Mwaka 2009 Jodie Wu, mhitimu wa MIT, alianzisha Arusha kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyouza mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Mwenye baiskeli alipita nyumba hadi nyumba akiwapukuchulia wakulima waliokuwa wakipiga magunia kwa fimbo. Baadaye kampuni iligeukia taa za sola. Sishangai. Mahindi yana msimu wake, lakini giza linaingia kila siku. Kiwia aliendelea na kitu kingine, ambacho kwangu kina uzito kuliko chaja: karakana ya wazi, Twende, ambamo mwanakijiji mwenye tatizo anapewa vyuma, kisu cha kukatia na mtu wa kumsimamia, kisha anajitengenezea dawa ya tatizo lake. Mwaka 2014 kongamano la IDDS lenyewe lilifanyika Arusha.

Chaja ya baiskeli haikuenea nchi nzima, na hilo lisifichwe. Umeme wa sola ulishuka bei, nguzo za TANESCO zikapanda vijijini. Ila aliyeitengeneza mwenyewe aliweza pia kuitengeneza ilipoharibika, na ujuzi huo haukupotea na chaja.

Tengeru hapo hapo, mwendo mfupi kutoka sokoni, kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Mwaka 2015 mhadhiri wake, Dk. Askwar Hilonga, aliyezaliwa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alikuwa mtu wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, yenye pauni 25,000. Alishinda kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na chembechembe za nano, ambalo linaweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika.

Kwa watu wa Meru hilo si jambo la maabara tu. Mlima wetu ni wa volkano, na maji ya chemchemi zake nyingi yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia utayaona Maji ya Chai, na floridi ikizidi sana hupinda mifupa ya watoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika na tatizo hili kwa miaka mingi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwenye tanuru, inasagwa, maji yanapita, floridi inanasa. Inafanya kazi kweli. Tatizo ni kwamba mkaa unashiba, na ukishashiba maji yanapita na floridi yake, bila rangi wala harufu ya kukushtua. Lazima awepo mtu wa kuubadilisha kwa wakati. Ndiyo maana katika kazi ya Hilonga tuzo na nano havinivutii kama vituo vyake vidogo vya kuuzia maji, ambako kuna mtu anayesimama na chujio kila siku, anayepata riziki humo na atakayelalamikiwa likikosea.

CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, iliyoundwa mwaka 1981, ililijua jambo hilo mapema. Mtambo wake wa biogesi ni kuba la matofali lililozikwa ardhini, linalolishwa samadi ya ng'ombe wa zizini, na Wameru wanafuga ng'ombe wa namna hiyo kila kaya iliyojaliwa. Kuba likipasuka, gesi inavuja. Anayeitwa ni fundi mwashi aliyefunzwa, mwenye mwiko na saruji, ambaye mara nyingi yuko kata hiyo hiyo. Hakuna anayesubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Sasa tuje kwenye sola ya kulipia kidogo kidogo, maana Arusha ilikuwa makao yake. Off Grid Electric ilianzia hapa na huduma ya M-Power, na mwaka 2018 ikabadili jina kuwa Zola. Mobisol nayo iliendeshea hapa shughuli zake za Tanzania hadi ilipochukuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka 2019. Huduma za pesa kwa simu, kama M-Pesa iliyoingia Tanzania mwaka 2008, ndizo zilizowezesha yote: unalipa kwa simu, kifaa kinafunguka, na usipolipa kinajifunga. Vijana wengi wa Arusha walipata ajira ya kwanza ya ofisini kupitia biashara hii, na vibatari vikatoweka katika nyumba nyingi sana. Bila kufuli hiyo hakuna ambaye angemkopesha mkulima asiye na hati ya kiwanja.

Lakini kufuli inamfungia nje fundi vilevile. Chukua boksi la sola lililobaki na kufuli, la kampuni iliyoondoka au kubadili mikono, lipeleke kwa yule fundi wa sokoni. Betri ataitambua, taa ataziwasha moja moja nje ya boksi, ila ubongo wa boksi unadai namba ya siri ambayo haijui yeye wala mwenye mali aliyemaliza deni. Atabadilisha seli kwa zile alizochomoa kwenye betri za kompyuta mpakato, ataruka kidhibiti, na boksi litawaka kihuni, bila kinga ya kuzuia betri isizidishiwe chaji. Hapo kuna hatari ya moto ndani ya nyumba, na wa kulaumiwa si fundi.

Vijijini hatukosi vifaa. Tunavyo vya kutosha, tena vipya. Tunachokosa ni ruhusa na maarifa ya kuvifungua. Na anayetegemewa ni fundi: Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia, watu wa hali ya chini waliishia kwenye meza hizi hizi kuuliza simu ipi itafaa, na waliowajibu ni mafundi, si wauzaji. Serikali ikishatambua kazi ya mafundi hawa, sharti moja lingetosha: anayekopesha kifaa akiondolee kufuli siku deni linapoisha, na mchoro wa bodi yake upatikane hapa nchini. Na Taasisi ya Nelson Mandela, iliyo jirani kabisa na soko, iwafungulie mafundi maabara yake hata Jumapili moja kwa mwezi. Watajifunza pande zote mbili, na sina hakika ni upande upi utakaotoka na mengi zaidi.

Nawe msomaji, ukienda kununua paneli, chujio au jiko la umeme, muulize muuzaji maswali mawili kabla hujatoa hela: nani atakitengeneza, na kipuri kinapatikana wapi. Akikujibu Dar es Salaam, hesabu na nauli.