Chakula na idadi ya wanyama

Chakula ni mojawapo ya mambo makuu yanayoamua idadi ya wanyama katika mfumo wa ikolojia. Kikiwa tele, majike huzaa zaidi na watoto wengi hukua. Kikipungua, wanyama hudhoofika, maziwa hukauka na vifo huongezeka. Hivyo kila eneo lina kikomo cha idadi ya wanyama ambao linaweza kuwalisha.

Mfano wa nyumbu wa Serengeti

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka, ulioenezwa na ng'ombe, uliua nyumbu na nyati wengi sana Afrika Mashariki. Kwa miongo kadhaa uliendelea kuua ndama wa nyumbu. Baada ya ng'ombe kuchanjwa, ugonjwa ulitoweka miongoni mwa nyumbu wa Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Idadi yao ilipanda kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwaka 1977, kisha ikaacha kupanda.

Watafiti walichunguza mizoga ili kujua sababu. Mnyama mwenye njaa hutumia mafuta ya mwili wake, na ya mwisho kuisha ni yale ya uboho wa mifupa. Uboho ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa uhaba wa chakula. Walioliwa na simba na fisi wakiwa na afya njema walikuwa wachache zaidi.

Kinachoamua ni kiasi cha nyasi za kiangazi kwa kila nyumbu. Ukame wa mwaka 1993 ulishusha idadi chini ya milioni moja. Waliobaki walipata malisho zaidi kila mmoja, na idadi ikaweza kupanda tena.

Tofauti kati ya wanyama

Wanyama wakubwa sana, kama vile tembo na kiboko, huwa na maadui wachache, hivyo hudhibitiwa hasa na chakula. Swala wadogo kama dikidiki huuawa zaidi na wanyama wala nyama.

Umuhimu

Nyumbu walipoongezeka, simba na fisi waliongezeka pia. Nyasi zilizoliwa zilipunguza moto wa nyika, na miti ikaongezeka. Kwa sababu hiyohiyo, nyumbu wakizuiwa kufika kwenye malisho ya kiangazi karibu na mto Mara, idadi yao itapungua hata kama nyasi za masika ni nyingi.