Umeme wa Bahari Unaoanzia Ngualla

Mkataba uliotiwa saini Aprili 2023 kati ya Serikali ya Tanzania na kampuni ya Australia iitwayo Peak Rare Earths, kuhusu uchimbaji wa madini adimu katika eneo la Ngualla, mkoani Songwe, ni habari ya uchumi, lakini unagusa pia hesabu ya mazingira ya mitambo inayofua umeme kutokana na mawimbi na mikondo ya maji kujaa na kupwa, mbali kabisa na Songwe isiyo na bahari.

Hesabu hiyo, yaani tathmini ya mzunguko wa maisha, hujumlisha madhara yote tangu malighafi kuchimbwa hadi mtambo kung'olewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walikadiria mwaka 2008 kwamba mtambo wa SeaGen, uliosimikwa Strangford Lough, Ireland ya Kaskazini, ungetoa takriban gramu 15 za kaboni dioksidi kwa kila kilowati-saa, sehemu kubwa ikitokana na chuma chake, ilhali makaa ya mawe hutoa zaidi ya gramu 800. Baadhi ya mitambo mingine hutumia jenereta zenye sumaku za kudumu, na hapo ndipo neodimi na praseodimi za Ngualla, elementi za madini adimu zinazotumika kutengeneza sumaku hizo, zinapoingia.

Elementi hizi si adimu kama jina linavyodai, kwa kuwa seri, ndugu yao, inakaribia shaba kwa wingi ardhini. Kilicho adimu ni njia rahisi ya kuzitenganisha. Karibu zote huachia elektroni tatu, na elektroni inayoongezeka toka elementi moja hadi inayofuata hujificha ndani ya atomu, ambako haiwezi kuizuia kikamilifu nguvu ya kiini inayokua, hivyo atomu husinyaa kidogo mno: ayoni ya neodimi ni ndogo kuliko ya praseodimi kwa chini ya asilimia 1. Ni kama kupanga madaraja ya kahawa ya Mbozi kwa chekeche yenye makengeza, inayozuia punje kubwa kwa wingi kidogo tu kuliko ndogo, kiasi kwamba mzigo uliopita lazima upitishwe tena, uliozuiwa urudishwe nyuma, na mizigo hiyo miwili ipishane mara nyingi mno kabla ya kila daraja kubaki peke yake. Kiwandani, chekeche hiyo ni maji yenye tindikali na mafuta mfano wa mafuta ya taa, vimiminika visivyochanganyika, ambavyo hutikiswa pamoja na kutenganishwa hatua baada ya hatua, vikiacha maji machafu yenye chumvi. Mbale ya Ngualla, kwa bahati, ina kiasi kidogo tu cha thoriamu na uraniamu, elementi zenye mionzi.

Mpango uliotangazwa ni kuchenjua mbale Songwe hadi hatua ya makinikia, kisha kuyasafirisha nje kupitia bandari ya Dar es Salaam, hivyo tindikali ya kutenganishia itaandikwa katika daftari la nchi nyingine, wakati maji yaliyotumika, vumbi na mabaki ya uchenjuaji yatabaki Songwe, hata kama kilowati-saa yenyewe itawasha taa Scotland.