Majina Elfu Moja ya Kusingiziwa

Kijana wa Ulyankulu ambaye valvu ya moyo wake iliharibiwa na maradhi yaliyoanzia kooni utotoni hushika njia ya Tabora, kisha Dar es Salaam, hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Huko hufunguliwa kifua, na damu yake hupitishwa kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu.

Damu haikuzoea mirija ya plastiki. Ikiigusa, chembe nyeupe huamka, protini kama IL-6 hupanda ndani ya saa chache, na mchochota huenea mwili mzima. Wengi hutulia baada ya siku mbili tatu. Wachache figo au mapafu huwalegea. Kwa nini hawa, si wale? Sehemu ya jibu hutafutwa kwenye jeni.

Mtafiti huchukua damu kabla na baada ya upasuaji, akapima kila jeni imefanya kazi kiasi gani. Binadamu ana takriban jeni 20,000 zinazotengeneza protini. Ukitumia kigezo kilichozoeleka cha takwimu, kukosea mara 5 katika 100, basi hata kama upasuaji haukubadili kitu, kompyuta itakuletea karibu majina 1,000 ya jeni zilizobadilika. Yote yamesingiziwa. Ndiyo maana kigezo hukazwa, zikatazamwa jeni zinazopanda na kushuka pamoja, kisha orodha ikajaribiwa kwa wagonjwa wengine kabisa. Isiyovuka hapo siiamini, hata ipambwe kwa michoro ya rangi.

Tena, jeni iliyopanda si lazima iwe chanzo. Huenda ni zimamoto aliyekutwa penye moto. Protini ya IL-10 nayo hupanda baada ya upasuaji, na kazi yake ni kutuliza mchochota.

Takwimu za namna hii zimehifadhiwa Marekani, kwenye hazina ya data za jeni iitwayo GEO, tangu 2000. Hupakuliwa bure, mwanafunzi wa Tabora mwenye kompyuta na R, programu ya kuchambua takwimu, anaweza kuanza leo. Ila damu hizo ni za nani? Hadi 2018, asilimia 78 hivi ya walioshiriki tafiti kubwa za jeni duniani walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika, kama asilimia 2 tu. Na Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni. Ulyankulu peke yake ina Wanyamwezi, Wasukuma na familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972.

Basi ukiombwa damu kwa utafiti, uliza itahifadhiwa wapi, nani ataisoma na majibu yatarudi kwa nani. Ukiridhika, toa.