Je, vipimo vyaweza kusaidia kusuluhisha mzozo wa Mashariki ya Kati?

Mazungumzo ya amani baina ya Waisraeli na Wapalestina yamekwama mara nyingi tangu kutiwa saini makubaliano ya Oslo mwaka 1993. Mipaka, wakimbizi, makaazi ya walowezi na hadhi ya Jerusalem ni masuala ambayo kila upande huona kwamba ukilegeza kamba, utapoteza bila kupata.

Profesa Thomas Saaty wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani, mzaliwa wa Mosul, Iraq, alipendekeza njia nyingine. Katika miaka ya 1970 alibuni utaratibu wa kufikia maamuzi kwa kulinganisha mambo mawili mawili. Mshiriki huulizwa lipi kati ya hayo lina umuhimu zaidi, na kwa kiasi gani. Jibu hupewa alama kuanzia 1, yaani yako sawa, hadi 9. Majibu yote yakijumlishwa kwa hesabu maalumu, hupatikana uzito wa kila jambo.

Saaty na mwenzake, H. J. Zoffer, waliwakutanisha Waisraeli na Wapalestina. Kila upande ulipima faida na hasara ya kila jambo utakaloachia, na vilevile faida ambayo upande wa pili ungeipata. Mambo yenye uzito unaokaribiana yaliwekwa pamoja ili yabadilishwe kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 washiriki walikubaliana juu ya kanuni kadhaa.

Hata hivyo, washiriki hao hawakuwa na mamlaka ya kuzifunga serikali zao. Saaty alifariki dunia mwaka 2017, mzozo ukiwa bado haujapatiwa ufumbuzi.